Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Sanaa Isiwe Kapu la Waliobaki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kisumu, ninakofundisha sayansi katika shule ya sekondari msingi. Novemba 2025, mtu aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1945 alipanda jukwaani Kyoto, Japani, akapokea Tuzo ya Kyoto, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa duniani. Anaitwa Azim Surani, mwanabiolojia. Nilipowaambia wanafunzi wangu wa Gredi ya 9, mmoja aliuliza, "Kisumu hii yetu, mwalimu?" Hii yetu.

Siku hiyo niliweka kitabu kando. Nilichora mayai ya panya ubaoni, chaki nyekundu kwa jeni za mama, buluu kwa za baba. Mwaka 1984 huko Cambridge, Surani na wenzake waliunda yai lenye jeni za upande wa mama pekee, nyekundu mara mbili. Kromosomu zote zilitimia, lakini kijusi hakikufika mbali kwa sababu kondo lake la nyuma lilikuwa hafifu. Yai lenye buluu mbili nalo lilikuza kondo vizuri, kijusi chenyewe kikadumaa. Ikabainika kwamba baadhi ya jeni hubeba alama ya kule zilikotoka, na kwamba mtoto hakamiliki bila za pande zote mbili. Darasa lilinyamaza. Katika miaka yangu ya kufundisha, ukimya wa namna ile nimeupata mara chache sana.

Lakini sikuandikii kuomba barabara ipewe jina la Surani. Nataka uwatazame waliokuwa naye jukwaani. Mmoja ni Shun-ichi Amari, ambaye hisabati yake ni miongoni mwa misingi ya akili unde. Mwingine ni Carol Gilligan, mwanasaikolojia aliyewafanya wenzake wasikilize jinsi wanawake wanavyofikiri kuhusu jema na baya. Kila mmoja wa watatu hao alipewa yen milioni 100. Tuzo ya Kyoto ina mafungu matatu, teknolojia, sayansi za msingi, na sanaa na falsafa, na hakuna fungu linalopewa pungufu ya jingine.

Aliyeipanga hivyo hakuwa msanii. Kazuo Inamori alikuwa mhandisi wa kauri. Kampuni ya Kyocera, aliyoianzisha mwaka 1959, ilianza kwa kutengeneza vipuri vya kauri vya vifaa vya elektroniki. Mwaka 1984 alitoa mali yake mwenyewe kuanzisha wakfu wa tuzo hii, kwa sababu aliamini kwamba sayansi ikikimbia peke yake na utu wa watu ukabaki nyuma, binadamu hatakuwa salama. Ndiyo maana mwaka 2010 William Kentridge wa Johannesburg, anayechora kwa makaa, alituzwa pamoja na Shinya Yamanaka, daktari aliyegundua namna ya kuzirudisha seli zilizokomaa katika hali ya uchanga.

Na mwaka 2022 alituzwa Zakir Hussain wa India kwa kupiga tabla. Ngoma, Mheshimiwa. Alipewa kiasi kilekile alichopewa Carver Mead, mmoja wa walioonyesha jinsi ya kusanifu chipu zenye maelfu ya transista, na Bryan Grenfell, anayefuatilia kwa hisabati jinsi maradhi yanavyoenea.

Namtaja Hussain kwa sababu darasani mwangu kuna mvulana anayepiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ameiunda mwenyewe. Aliwamba ngozi akiwa na babu yake, akafunga nyuzi nane, na anapopiga huvaa gara, yaani njuga, mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anayoigonga kwenye ubao wa chombo. Tulipofika kwenye mada ya sauti, nilianza kueleza kwamba uzi ukikazwa sauti hupanda. Akaomba ruhusa, akaileta nyatiti, akatuonyesha kwa vidole. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini nyuzi mbili zenye urefu sawa na mkazo sawa zinaweza kutoa sauti tofauti? Tukapima unene. Tulikaa hadi kengele ya chakula.

Mama yake alikuja shuleni wiki iliyofuata. "Mwalimu," aliniambia, "mwambie aende mkondo wa sayansi. Nyatiti haitamlisha." Sikumlaumu. Wizara yako yenyewe ilitangaza kwamba inatarajia asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu, Gredi ya 10 hadi 12, waende mkondo wa sayansi na teknolojia, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Mzazi akisikia 15, anaelewa hapo ni pa walioshindwa. Shule za sekondari pevu zilizo karibu nasi, hata moja haina mkondo wa sanaa. Ninayoijua yenye chumba cha muziki iko mbali, ni ya bweni, na karo yake mama huyu anayeuza omena hawezi kuifikia.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Katika kila kaunti ndogo iwepo walau shule moja ya kutwa ambapo mtoto anaweza kusoma fizikia asubuhi na muziki mchana, na mwalimu wa muziki awe ameajiriwa, si mwalimu wa Kiswahili anayejitolea Ijumaa. Chumba cha ala kitengewe fedha katika bajeti ileile inayojenga maabara. Sisemi maabara zipunguzwe. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na maabara yetu haina hata hadubini za kutosha. Nasema tu kwamba mvulana huyu asilazimishwe kuacha nusu ya akili yake nje ya lango.

Atachagua mkondo mwaka huu. Nimemwomba mama yake asubiri kidogo kabla ya kumwamulia, na nimemwambia kwamba nimekuandikia.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Sayansi, Kisumu