Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Jina Sullivan Lilitoka Wapi, na Lilisafiri na Nani

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini mwenyewe. Mimi niseme tu kwamba ada zinalipwa kwa kusuasua kama ilivyo desturi yetu, na kwamba kamati haidaiwi na mtu. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu, nalo ni barua za wanachama wapya. Zinatoka Boston, Montana, Manchester na Sydney, na swali lao karibu ni lile lile: "Mimi ni Sullivan. Je, natokana na Dónal Cam, bwana wa Dunboy?"

Kamati imewajibu wote kwa upole. Hapa, kwa kuwa tuko wenyewe kwa wenyewe, nitajibu bila kuzunguka. Hesabu ya watoto waliosajiliwa Ireland mwaka 1890 iliweka Sullivan nafasi ya tatu kwa wingi, baada ya Murphy na Kelly, na karibu wanne kati ya kila watano walizaliwa Cork na Kerry. Jina lenye watu wengi kiasi hicho haliwezi kuwa la watoto wa chifu mmoja. Machifu walikuwa wachache. Waliolima, waliovua na waliochimba shaba ndio walikuwa wengi. Hao ndio wazee wetu, na habari zao zinapatikana, ila haziko pale tunapopenda kuzitafuta.

Kwanza, asili. Ukoo huu haukuanzia Beara, rasi ya kusini magharibi mwa Ireland tunayohusishwa nayo. Makao ya awali ya Ó Súilleabháin, yaani Sullivan kwa Kigaeli, yalikuwa Knockgraffon, kusini mwa Tipperary, kwenye ardhi nzuri ya bonde la mto Suir, nao walihesabiwa miongoni mwa Eóganacht, koo zilizotoa wafalme wa Cashel. Wanormani walipoingia mambo yaligeuka. Mwaka 1192 walijenga ngome juu ya kilima cha udongo papo hapo Knockgraffon, na kilima hicho kipo hadi leo. Ukoo ukasukumwa kusini magharibi, kutoka bondeni hadi kwenye majabali ya pwani. Huko ukagawanyika milango miwili mikuu: O'Sullivan Mór, wenye ngome ya Dunkerron karibu na Kenmare, na O'Sullivan Beare wa Dunboy, karibu na mji wa sasa wa Castletownbere. Kuhusu maana ya jina, wengi wanakubali kuwa nusu yake ya kwanza ni jicho. Kama jicho hilo ni jeusi, moja tu au la mwewe, wataalamu hawajapatana, na kamati haitapiga kura juu yake.

Sasa huyo Dónal Cam. Baba yake aliuawa yeye akiwa mtoto mchanga, na uchifu ukaenda kwa ami yake Owen, kwa sababu desturi ya Kigaeli ilimpa uongozi mtu mzima anayeufaa, si lazima mwana wa marehemu. Dónal alipokua alikwenda kushtaki Dublin, akidai urithi kwa sheria ya Kiingereza inayompendelea mwana wa kwanza. Mwaka 1593 akapata sehemu kubwa ya Beara pamoja na Dunboy. Wanaomchora kama mlinzi wa mila wangelikumbuka hilo. Miaka minane baadaye akapigana upande wa Wahispania na O'Neill, chifu wa kaskazini, dhidi ya Waingereza hao hao, na baada ya kushindwa huko Kinsale, ngome yake ikazingirwa na George Carew, kamanda wa Waingereza, mwezi Juni 1602. Walinzi 143 walikufa vitani au wakanyongwa, na kwenye kisiwa cha Dursey hata wanawake na watoto hawakuachwa. Watoto wa ami yake walikuwa upande wa Carew.

Siku ya mwisho ya mwaka 1602 Dónal Cam aliondoka Glengarriff na watu wapatao elfu moja, zaidi ya nusu wakiwa si askari, kuelekea Leitrim, kaskazini, kwa chifu O'Rourke. Njiani walishambuliwa zaidi na Waayalandi wenzao kuliko walivyoshambuliwa na Waingereza, kwa kuwa kila bwana mdogo alitaka kuonyesha utii wake kwa malkia. Ukingoni mwa mto Shannon walichinja farasi wao, wakala nyama na kutumia ngozi kuundia mitumbwi. Waliofika Leitrim baada ya wiki mbili walikuwa 35. Idadi hiyo tunaipata kwa Philip, jamaa yake, aliyeandika historia yake kwa Kilatini na kuichapisha Lisbon mwaka 1621. Dónal alikimbilia Hispania, akapewa cheo cha ukabaila (count) na mfalme Philip wa Tatu, na mwaka 1618 akauawa Madrid.

Kisa hiki ni kikubwa, na wanaopenda kutembea sasa wanaweza kuifuata njia hiyo kwa miguu kutoka Beara hadi Breifne, nchi ya O'Rourke. Lakini zingatieni: wengi wa watu wa Beara hawakuandamana naye. Walibaki, wakawa wapangaji kwenye ardhi iliyokuwa yao. Uhamaji ulioutawanya ukoo duniani ulikuja baadaye, na ulikuwa wa hao waliobaki.

Ulianza polepole. Miaka ya 1720 kijana mmoja kutoka Ardea, upande wa Kerry wa Beara, alivuka hadi New England akawa mwalimu wa shule. Mwanawe John akawa jenerali wa George Washington, na mwingine, James, akawa gavana wa Massachusetts. Tunawataja kwa fahari kila mwaka. Mwaka huu nimeomba pia litajwe katika kijitabu chetu kwamba jenerali huyo ndiye aliyeongoza msafara wa 1779 uliochoma zaidi ya vijiji 40 vya Wairokwoi pamoja na mashamba yao ya mahindi. Mjumbe mmoja wa kamati alipinga. Mimi naona ukoo uliochomewa nyumba zake Dursey hauna udhuru wa kunyamazia jambo hilo.

Kisha ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Huko Kenmare mwenye ardhi alikuwa Marquis wa Lansdowne, na msimamizi wake, William Steuart Trench, alipiga hesabu akaona ni nafuu kuwalipia maskini nauli ya meli kuliko kuwalisha. Kuanzia 1851 maelfu walipelekwa, wengi wao New York, wakiwa na matambara tu mwilini. Wakajazana Five Points, mtaa uliosifika kwa uchafu wake. Baadaye zilipochunguzwa akaunti za benki ya akiba ya wahamiaji iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1850, wenye majina ya Sullivan na Shea kutoka Kenmare walikutwa na akiba ambazo hakuna aliyezitarajia kwa watu waishio vyumba vile. Daftari za benki hiyo ni hazina kwetu, kwa sababu karani alimwuliza kila mteja parokia aliyozaliwa.

Upande wa Allihies, huko huko Beara, jambo lililovuta watu lilikuwa shaba. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1812 na John Puxley, mtu wa familia ambayo mmoja wao, ofisa wa ushuru, aliuawa na Murtaí Óg O'Sullivan mwaka 1754. Baada ya vizazi kadhaa akina Sullivan wakawa vibarua wa akina Puxley chini ya ardhi. Mgodi ulipofifia, ujuzi wao uliwapeleka kwenye shaba ya Michigan, halafu Butte, Montana, ambako Marcus Daly, mwenye migodi mzaliwa wa Cavan, Ireland, hakuwa na haya kuajiri Waayalandi. Kati ya 1870 na 1915 watu kama 1,700 waliondoka parokia ya Eyeries peke yake, na zaidi ya 1,100 kati yao walikwenda Butte. Hivyo ndivyo tulivyohama: kitongoji kwa kitongoji, mtu akimfuata dada, jirani au msimamizi wa zamu aliyemjua nyumbani. Hata wale ndugu watano akina Sullivan wa Waterloo, Iowa, waliokufa pamoja kwenye meli ya kivita ya Marekani, Juneau, mwezi Novemba 1942, walitokana na mtu aliyeondoka Adrigole mwaka 1849.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili. Fomu ya uanachama isiulize tena "tawi la chifu". Iulize parokia, kitongoji na jina la mlango. Beara ina akina John Sullivan wengi mno, ndiyo maana kila mlango una lakabu yake: Seer, Bawn, Rua na nyinginezo, na baadhi zimeandikwa kwenye orodha ya ukadiriaji wa ardhi ya Griffith ili mtoza kodi asichanganye watu. Sensa nyingi za karne ya 19 hatunazo tena. Nyingine zilisagwa kuwa karatasi upya, nyingine ziliungua Dublin mwezi Juni 1922. Zilizosalimika ni za 1901 na 1911, na hizo haziandiki lakabu. Madaftari ya ubatizo yanasaidia, lakini lakabu nyingi ziko vichwani mwa wazee, na wazee hawa hawasubiri bajeti yetu.

Kuhusu O' ya mwanzo wa jina, iliyoachwa na wengi zamani na kurudishwa katika karne ya 20, kamati haitabishana na mtu. Sullivan na O'Sullivan wa nyumba moja wapo, hata makaburini. Vipimo vya vinasaba vinaruhusiwa, ila mhazini hatavilipia.

Nafasi mbili za wajumbe ziko wazi: mmoja wa Kerry na mmoja wa Montana. Anayependekeza jina alipeleke kwa katibu kabla ya kura ya jioni, likiwa na sahihi ya mwanachama wa pili ambaye ada yake imelipwa.