Kabla ya kuilaumu santuri, tazama sindano

Mhariri,

Wapo wanaopiga santuri za R&B (rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi) za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, kisha wanasema zilirekodiwa vibaya. Mara nyingi mwenye makosa ni sindano.

Santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 kwa dakika ina mifereji mipana, nayo inataka ncha yenye nusukipenyo cha mikroni 76 hivi (mikroni ni elfu moja ya milimita). Sindano ya kawaida ya stereo ni mikroni 18 tu. Inazama hadi chini ya mfereji, inapita kwenye vumbi la miaka yote hiyo, na mkwaruzo unameza sauti. Santuri ya inchi 7 ya mizunguko 45, iliyoletwa na RCA Victor mwaka 1949, ina mifereji myembamba. Mikroni 25 zinaifaa. Tundu lake la milimita 38 linahitaji kipete cha kulipunguza, nacho kikae katikati barabara, la sivyo sauti ya piano itayumba.

Kama mashine haina kasi ya 78, wengine hurekodi kwa 45 na kuongeza kasi mara 1.73 kwenye kompyuta. Inawezekana, ila besi na sauti nyembamba hutoka zimepotoka, kwa sababu amplifaya imezirekebisha katika kasi isiyo yake. Itabidi uzipange upya kwa sikio.

Kuhusu usafi: tafadhali, spiriti isiguse santuri ya 78! Nyingi zimetengenezwa kwa shelaki (utomvu wa wadudu uliokaushwa), na spiriti huiyeyusha shelaki. Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 ni za aina hiyo hiyo. Tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, matone machache ya sabuni laini ya vyombo, na brashi laini ifuatayo mifereji. Lebo isilowe. Kausha papo hapo.

Sasa lile linaloniumiza zaidi: programu za kuondoa kelele. Mwezi Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilirekodi "Rocket 88" katika studio ya Sam Phillips, Memphis, na lebo ikaandikwa jina la mwimbaji Jackie Brenston. Spika ya amplifaya ya gitaa ilikuwa imeharibika, wakaijaza karatasi, na gitaa likatoa mngurumo mzito wa kukwaruza. Mngurumo huo ndio utamu wa rekodi. Programu ikipewa nguvu nyingi haiutambui. Inaukata pamoja na vumbi. Vivyo hivyo kwa "Lawdy Miss Clawdy" ya Lloyd Price, iliyorekodiwa New Orleans mwaka 1952: unabaki na piano ya Fats Domino iliyofifia, na matoazi ya mpiga ngoma Earl Palmer hayasikiki kabisa.

Afadhali kutumia njia hii. Rekodi chaneli zote mbili, kisha ziunganishe ziwe moja. Katika santuri hizi muziki umechongwa kwa kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo kelele nyingi za sindano kupanda na kushuka hufutana zenyewe, bila kugusa muziki. Milio ya mikwaruzo mikubwa iondolewe mmoja mmoja kwa mkono. Faili la kwanza libaki kama lilivyotoka kwenye sindano. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Mpenzi wa santuri,
Tanga