Barua kwa mwanangu: kuhama na tela wakati wa theluji

Columbus, Ohio

Mwanangu mpendwa,

Habari ya kazi mpya ya mumeo huko Dallas imetufurahisha mimi na mama yako. Ila mmechagua kuhama Minneapolis katikati ya Januari, watoto wawili kiti cha nyuma na tela la kukodi nyuma ya gari lenu, Highlander. Haya, kazi haingoji jua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utasahau nusu.

Kwanza, likataeni tela kubwa. Lile lililofunikwa la kampuni ya kukodisha ya U-Haul, la futi 5 kwa 8, lina uzito wa pauni 900 likiwa tupu, na pamoja na mzigo halitakiwi kuzidi pauni 2,700. Maana yake mnabaki na pauni 1,800 za vitu vyenu, kama kilo 816. La futi 6 kwa 12 linafika pauni 4,400, na hapo mtakuwa mnalikamua gari safari nzima. Halafu msiishie kwenye kitabu cha gari. Fungua mlango wa dereva, utaona karatasi ya manjano na nyeupe inayotaja uzito wa watu na mizigo usiotakiwa kuzidishwa. Uzito ambao shingo ya tela, yaani ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, inalikandamiza gari unahesabiwa humo humo, pamoja na ninyi wanne na kila sanduku lililo kwenye buti. Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga: tela wanalipakia kwa adabu, buti wanalishindilia mpaka juu. Sofa lile liuzeni.

Upakiaji ndio nataka mtulie nao. Asilimia 60 ya uzito ikae nusu ya mbele ya tela, upande wa gari. Mashine ya kufulia, maboksi ya vitabu, na kile kinu cha mama yako ambacho najua hamtakiacha: vyote sakafuni, vikigusa ukuta wa mbele. Nguo, mito na viti vya plastiki viende nyuma na juu. Kushoto na kulia kulingane. Mzigo ukilemea nyuma, shingo inanyanyuka, tairi za nyuma za gari zinapoteza mshiko, na mkia wa tela unaanza kulitikisa gari huku na huku. Kwenye lami kavu mtapata muda wa kushtuka. Kwenye barafu, hakuna muda huo. Na msiache mianya. Boksi zito likiteleza nyuma wakati mnapanda mlima, mpango wenu wote umeharibika na ninyi hamna habari. Fungeni mikanda kwenye vikulabu vya ukutani kila mnapomaliza safu moja, si mwishoni peke yake.

Uzito msiukisie. Vituo vingi vya malori vina mizani ya kupimia magari ya kampuni ya CAT, yenye majukwaa matatu. Kabla ya kwenda kuchukua tela, lipimeni gari peke yake, tangi limejaa, ninyi nyote mmekaa ndani na masanduku yako butini. Mkishapakia tela, rudini: magurudumu ya mbele jukwaa la kwanza, ya nyuma la pili, ya tela la tatu. Tuseme gari peke yake ni pauni 5,200. Likiwa na tela, majukwaa mawili ya kwanza yanasoma jumla ya 5,480, na la tatu 2,150. Uzito wa shingo basi ni 280, tela zima ni 2,430, na shingo ni asilimia 11 na nusu ya uzito huo. Inatakiwa iwe kati ya 10 na 15. Ikiwa chini ya 10, fungueni mlango muhamishe maboksi mbele hapo hapo, hata kama baridi inakata masikio.

Kufunga tela kwenye gari si kazi ya kuharakisha. Ile gololi ya chuma nyuma ya gari, inayoshikwa na shingo, iwe ya inchi 2; ukubwa wake umechongwa juu yake. Kabla ya kuishusha shingo, ingiza kidole ndani ya kile kikombe kinachoifunika gololi. Theluji ikishindiliwa mle, skrubu ya kukikaza kikombe itaonekana imekaza, kumbe imebana barafu. Ikiyeyuka, tela linacheza. Kwangueni yote. Mkishakaza, mumeo aishike shingo ainyanyue kwa nguvu: nyuma ya gari inapaswa kunyanyuka nayo. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo kama herufi X, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami. Iwe na ulegevu wa kutosha kona, lakini isiburuzike. Simameni baada ya maili 50 za kwanza, kazeni tena, na gusa nati za magurudumu.

Taa: plagi ile bapa inayounganisha taa za tela na gari ina waya nne, na mweupe ndio unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Mkiona taa zote zinafifia kwa pamoja, au indiketa ikiwaka na taa nyingine zinacheza, kabla ya kulaumu balbu safisheni pale waya mweupe ulipofungwa. Chumvi ya barabarani inakula pale kwanza. Tena, theluji hujikusanya mgongoni mwa tela ikazifunika taa, kwa hiyo kila mkisimama kujaza mafuta, zipanguseni. Upepo wa tairi pimeni asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kila joto likishuka digrii 10 za Fahrenheit, upepo unapungua kama psi 1. Tairi za tela zina kipimo chake, msijaze kwa kipimo cha gari.

Tela hilo dogo halina breki. Ukikanyaga breki, gari linasimama na tela bado linataka kwenda, likikusukuma kwa nyuma. Kwa hiyo punguzeni mwendo mapema, kabla ya kona ya kutokea barabara kuu, si ndani ya kona. Mwendo wa juu ulioandikwa kwenye tela ni maili 55 kwa saa, na hiyo ni kwa lami kavu. Kruzi, ile inayoshikilia mwendo yenyewe bila mguu, izimwe kukiwa na unyevu wowote. Tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, subiri. Usikanyage breki, usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha, usipambane nalo kwa usukani. Likitulia, tafuteni pa kutokea mkapange mzigo upya, maana litarudia.

Sasa barabara. I-35 inawafikisha moja kwa moja, karibu maili 1,000. Pangeni siku tatu na muiache ya nne iwe akiba: mlale Des Moines, kisha Wichita, kisha mfike. Sisi wa malori tunaijua ile sehemu ya kaskazini mwa Iowa, kuanzia mpakani hadi Ames. Ni mashamba matupu. Dhoruba inaweza kuwa imepita jana na jua linawaka, lakini upepo unaisomba theluji chini chini na kuitandaza barabarani, lami inang'aa kama kioo. Tazameni 511 ya Iowa, huduma ya taarifa za hali ya barabara, kabla ya kutoka. Mkiona wametangaza marufuku ya kukokota magari, maana yake mkiingia mtaroni winchi haitakuja kuwatoa mpaka hali itulie. Siku hiyo mnalala.

Kansas kati ya Emporia na El Dorado mtapita vilima vya Flint Hills. Huko tatizo ni upepo wa ubavuni. Lori likiwapita, upepo wake utawasukuma pembeni kisha uwavute. Shikeni usukani kwa mikono miwili na msishtuke. Sehemu hiyo ya I-35 ni ya kulipia, na haipokei tena fedha taslimu, kamera zinasoma namba.

Mkivuka Oklahoma, msijiambie baridi imeisha. Kule kunanyesha mvua inayoganda ikigusa lami, na magari ya kumwaga chumvi si mengi kama mliyozoea Minnesota. Madaraja ndiyo yanayoganda kwanza. Tarehe 11 Februari 2021, kwenye I-35W pale Fort Worth, jirani na Dallas, magari zaidi ya 130 yaligongana asubuhi moja juu ya barafu ya namna hiyo, watu 6 wakafariki. Mnafahamu kuendesha kwenye theluji, lakini ile si theluji. Wakitabiri mvua ya kuganda, siku ya akiba itumieni Oklahoma City.

Madogo madogo. Vyeti vya watoto, hati za uhamiaji, dawa na kompyuta vikae ndani ya gari. Runinga ikifika, iacheni saa kadhaa ipate joto la nyumba kabla ya kuiwasha, maana unyevu hujitengeneza ndani yake. Watoto wavuliwe makoti manene kabla ya kufungwa mikanda ya viti vyao, halafu wafunikwe blanketi juu. Koti likibonyea, mkanda unabaki legelege. Wekeni karibu koleo, maji, chakula, na mfuko wa mchanga wa choo cha paka wa kumwaga chini ya tairi. Tangi lisishuke chini ya nusu. Mkikwama na injini inanguruma, hakikisheni bomba la moshi halijazibwa na theluji; moshi ule hauna huruma. Hotelini tafuteni maegesho ya kuingia upande huu na kutokea ule, msilazimike kurudi rivasi. Ikibidi, mkono ukae chini ya usukani: unakoupeleka mkono ndiko tela linakokwenda. Tela fupi hujikunja haraka, kwa hiyo rudi kidogo kidogo.

Mkitoka kwenye mizani, nitumie picha ya karatasi yake kwa WhatsApp kabla hamjaondoka mjini. Nikiona shingo haijafika asilimia 10, nitawapigia tuzungumze ni boksi gani lihame.

Baba yako