Rangi kwenye jedwali la michango

Habari zenu wahazini. Ili rangi ionyeshe palipolipwa kidogo na palipolipwa kingi, kwenye Google Sheets chagueni seli za michango tu, mfano B2:M31. Mstari wa jumla uacheni nje kabisa: tarakimu zake ni kubwa mno, utabeba rangi iliyokolea peke yake na miezi yote ibaki kama imelingana. Kisha Format, Conditional formatting, Color scale (rangi inayobadilika kadiri ya kiasi). Minpoint (kiasi kidogo kabisa) rangi ya chungwa, Maxpoint (kikubwa kabisa) bluu. Nyekundu na kijani hapana, wapo wenzetu wasiozitofautisha.

Seli ikigoma kushika rangi, angalieni ilivyoandikwa: "20,000/=" ni maandishi, andikeni 20000. Asiyelipa awekewe 0, maana seli tupu haipati rangi. Mmoja akilipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, Maxpoint iwe Percentile 90 (kiwango ambacho asilimia 90 ya tarakimu hazikizidi), ili seli yake moja isibebe rangi iliyokolea peke yake.