Mtoto aamkaye na jinamizi bwenini apate wa kumtuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wakuu wa shule za bweni za mkoa wetu wa Kilimanjaro, pamoja na wazazi, juu ya jambo linaloonekana dogo kwa sababu hutokea watu wazima wakiwa wamelala. Wapo watoto wanaorudiwa na ndoto ileile ya kutisha, wakaamka wakitetemeka, na wasipate mtu wa kukaa nao mpaka moyo utulie. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana hapa Moshi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, nami naamini kwamba dakika chache baada ya kuamka ndizo zinazoamua kama ndoto itaishia palepale au itageuka kuwa hofu ya kulala.

Yupo mtoto anayeweweseka saa chache za mwanzo wa usiku: hupiga mayowe macho yakiwa wazi, hamtambui anayemsemesha, na asubuhi hakumbuki kitu. Huyo haamshwi kwa nguvu; analindwa asianguke kutoka kitanda cha juu, naye hurudi usingizini mwenyewe. Mwenye jinamizi ni mwingine. Ndoto za kutisha huja zaidi kuelekea alfajiri, kwa kuwa vipindi vya usingizi wenye ndoto hurefuka kadiri usiku unavyokwenda, naye huamka akiwa na akili zake zote na anakumbuka kila alichokiona. Kisha yupo anayesema amekabwa: ameamka, anawasikia wenzake wakigeuka vitandani, lakini hawezi kuinua hata kidole na kifua kimelemewa. Misuli hulegea tunapoota, na mara nyingine akili huamka kabla mwili haujaachiwa. Hali hiyo hupita baada ya sekunde kadhaa au dakika chache, na huwapata zaidi wasiolala vya kutosha, wakiwamo wanafunzi wanaokesha na madaftari mtihani wa taifa unapokaribia.

Wote hao hupewa jina moja: ana mashetani. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu neno hilo likishatamkwa mbele ya bweni zima mtoto huacha kuita msaada. Atajizuia kulala, na kukosa usingizi kutamzidishia majinamizi. Nimeona bweni likiamshwa saa nane usiku kwa maombi ya sauti kubwa, nia ikiwa njema, na usiku uliofuata hata waliokuwa wakilala salama wakaogopa kuzima taa. Sipingi sala hata kidogo. Binti wa Kiislamu aliyefundishwa nyumbani kuomba kinga kwa Mwenyezi Mungu na kugeukia ubavu wa pili, na binti wa Kikatoliki anayetafuta rozari yake chini ya mto, wanajua njia ya kutulia iliyowalea, na matroni anapaswa kuiheshimu na kubaki karibu nao mpaka wamalize. Ninachokataa ni kumfanya mtoto aliyeogopa awe tishio kwa wenzake.

Kumtuliza hakuhitaji elimu kubwa. Mketishe, miguu iguse sakafu, washa taa ndogo, mpe maji, mfunike blanketi. Mwite kwa jina lake, umwambie kwa sauti ya chini yuko wapi, leo ni siku gani na nani amelala kitanda cha jirani. “Pole mwanangu, umeshaamka, nipo hapa.” Usimhoji ameota nini, isipokuwa akitaka mwenyewe kusema, kwa sababu kumsimulisha gizani ni kumrudisha kulekule alikotoka.

Mazungumzo ni ya mchana. Nilikuwa na binti aliyeota moto mara kwa mara. Katika mkoa huu ndoto ya namna hiyo haiwezi kuitwa upuuzi, kwani mwaka 1994 moto wa bwenini uliua wasichana zaidi ya 40 katika shule ya Shauritanga, Rombo, na msiba huo bado unasimuliwa majumbani. Tulitembea naye bweni zima, akafungua milango kwa mikono yake, akaona kwamba hakuna kufuli wala nondo inayomzuia kutoka. Kisha nikampa daftari aiandike ndoto yake upya kwa mwisho anaoutaka yeye, na kila jioni akae akiupitia mwisho huo kichwani. Aliandika kwamba wametoka wote na wanahesabiwa uwanjani. Ndoto ilipungua nguvu taratibu, ikaacha kumwamsha. Njia hiyo sikuibuni mimi: mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuitumia kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, nayo iliwapunguzia majinamizi.

Hata hivyo, ipo ndoto ambayo haitaki daftari peke yake. Mtoto anayemwota mtu yuleyule akimfuata, anayeanza kuota hivyo baada ya likizo, au anayeogopa kurudi nyumbani, huenda anaeleza jambo alilotendewa kweli. Huyo asikilizwe faraghani na mtu anayemwamini, na afikishwe kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya msaada kwa watoto ibandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana na kila mtu.

Mwaka 2023 Serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa wanafunzi walio chini ya darasa la tano, na nilishukuru sana. Lakini mtoto wa darasa la tano naye bado ni mdogo. Nawaomba wakuu wa shule, kabla ya muhula mpya kufunguliwa, wahakikishe kwamba matroni analala mahali anapoweza kusikia mtoto akilia, si nyumba ya mbali upande wa pili wa kiwanja. Kwamba korido ina taa usiku kucha. Na kwamba kila mtoto anaonyeshwa, siku ya kwanza anapofika, mlango wa kugonga akishtuka usingizini.

Matroni mstaafu,
Pasua, Moshi