Risala ya Klabu ya Takwimu za Watu kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wageni waalikwa na wanachuo wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Klabu yetu ilianzishwa na wanachuo wachache waliotaka kujua kwa nini baadhi ya mataifa huzeeka polepole na mengine kwa kasi, na tangu hapo imekua hadi kuwa, bila ya kujisifu kupita kiasi, kitovu cha taaluma hii hapa chuoni. Grafu zinazopamba ukuta ulio nyuma yako ni matunda ya utafiti wetu wa kimataifa, ambao tumeufanya bila ya kutoka maktaba.

Ndugu Mgeni Rasmi, grafu hizo zinaonyesha kwamba Ufaransa ilichukua takriban miaka 115, kuanzia 1865 hadi 1980, ndipo watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wakaongezeka kutoka asilimia 7 hadi asilimia 14 ya wakazi wote. Uswidi ilichukua yapata miaka 85. Japani ilipita njia hiyo hiyo kwa miaka ipatayo 25 tu baada ya 1970, na Korea Kusini, iliyofikia asilimia 7 mwaka 2000, iligusa 14 kabla ya miaka 20 kutimia, kisha ikavuka 20 mwishoni mwa 2024. Wengi hudhani sababu ni watu kuishi muda mrefu. Hiyo imo, lakini kubwa zaidi ni kushuka kwa uzazi, ambao Korea Kusini mwaka 2023 ulifikia wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke. Nchi iliyochelewa kuanza kuzeeka, basi, yaelekea kupata muda mfupi zaidi wa kuandaa pensheni na matunzo ya wazee.

Utaona kwamba ukutani pamebaki nafasi moja tupu. Ni ya nchi yetu, na hilo ndilo hasa lililotufanya tukualike.

Uswidi ilianza kukusanya takwimu za watu wa taifa zima mwaka 1749, na leo yeyote anayetaka idadi ya watu wake kwa kila mwaka wa umri huipata bila ya kubisha hodi popote. Sensa zetu sisi tunapewa katika makundi ya miaka mitano-mitano, na wote waliofikia miaka 65 wamewekwa katika fungu moja la mwisho, kana kwamba mtu wa miaka 66 ambaye bado anafanya kazi na yule wa 90 anayehitaji kulishwa wana mahitaji sawa. Makundi hayo pia huficha kasoro inayofahamika, ya watu wasio na uhakika wa umri wao kutaja miaka inayoishia na 0 au 5. Kipimo cha Whipple huikagua kasoro hiyo kwa wenye umri wa miaka 23 hadi 62, lakini hakiwezi kutumika bila ya majedwali ya mwaka mmoja mmoja.

Tumewahi kuelezwa kwamba majedwali hayo hayatolewi kwa kuwa yana dosari. Hatubishi. Mwaka 2010 Japani yenyewe iligundua kuwa katika rejista zake za familia kulikuwa na zaidi ya watu 230,000 waliopita miaka 100 ambao hawakujulikana walipo, na ikalitangaza jambo hilo hadharani.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi majedwali ndani ya mwezi mmoja, ila hakutaja ni mwezi upi. Aliyemfuata, ambaye pia tulimpigia makofi mengi, alitujulisha kuwa suala letu liko mezani, nasi hatuna sababu ya kuamini kwamba limeondoka hapo.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba majedwali ya kila sensa, kwa jinsi na kwa kila mwaka wa umri hadi 100, katika faili za kielektroniki na bila ya jina la mtu yeyote. Hatuombi fedha wala kompyuta, ingawa hatutazikataa. Barua yetu, pamoja na nakala za zile zilizotangulia, imo katika bahasha iliyo mbele yako. Tutafarijika sana endapo hotuba yako itataja tarehe, pamoja na cheo cha ofisa tutakayemwendea tarehe hiyo ikipita.

Tunaomba kuwasilisha.