Hekalu lililokwisha kujengwa lipimwe kana kwamba kiwanja bado ni kitupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo kila linapotokea huzua maneno mengi, nalo ni uongozi wa hekalu la Kihindu kupeleka maombi ya kibali cha ujenzi ilhali majengo yenyewe yameshasimama. Wapo wanaoona kwamba kuyapokea maombi hayo ni kuhalalisha ujeuri, na wapo wanaoshikilia kwamba nyumba ya ibada ikishajengwa haiguswi. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, yakiwemo niliyoitwa kuyachora fundi akiwa ameshalipwa na kuondoka, na siafikiani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Kwanza, mara nyingi makosa haya hayaanzi kwa dharau. Huanza na turubai lililofungwa kwa ajili ya Diwali. Sikukuu ikapita turubai likabaki, kisha likapokewa na mabati juu ya nguzo za chuma, zikaongezwa kuta ili mvua isiwapige wazee, na pembeni likajitokeza jiko la kupikia chakula cha waumini. Ukiuliza ni siku gani kivuli kiligeuka jengo, hakuna kiongozi anayeweza kukujibu, na nadhani wengi wao husema kweli.

Sheria za nchi kadhaa zimelitambua hilo. Nchini Uingereza, sheria ya mipango miji ya mwaka 1990 inaruhusu kuomba kibali cha kitu kilichokwisha kujengwa, na kujenga bila kibali kwa kawaida si jinai. Jinai ni kukaidi ilani ya mamlaka inayokutaka uondoe ulichojenga. Hata hivyo mlango huo si wa kuuchezea. Zamani jengo lililovuka miaka 4 bila kuchukuliwa hatua lilikuwa limesalimika, lakini kwa majengo yaliyokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024 muda huo ni miaka 10.

Ninachokisisitiza ni kipimo. Mamlaka iyasome maombi kana kwamba kiwanja bado ni kitupu, na ijiulize kama ingeidhinisha ukumbi wa urefu ule, karibu na mpaka wa jirani kiasi kile, wenye magari mengi kiasi kile siku ya sikukuu. Kama jibu ni ndiyo, kibali kitolewe bila kinyongo. Kama ni hapana, gharama zilizokwisha kutumika zisiwe hoja, maana aliyefuata utaratibu na kunyimwa kibali hakupewa nafasi ya kulilia saruji yake. Na kati ya ndiyo na hapana kuna masharti, ambayo mara nyingi ndiyo dawa. Mgogoro wa miaka mingi kuhusu hekalu la Bhaktivedanta Manor, jumba ambalo George Harrison, mwanamuziki wa kundi la Beatles, aliinunulia jumuiya ya Kihindu ya Hare Krishna mwaka 1973 karibu na London, haukuwa wa kuta bali wa matumizi na msongamano katika kijiji cha jirani. Kibali kilichotolewa mwaka 1996 kilikwenda pamoja na barabara mpya isiyopita kijijini.

Lipo jambo ambalo wanaobishana hulisahau, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Jengo lililoombewa kibali mapema hukaguliwa nondo zikiwa wazi. Lililokwisha kumwagwa zege halisemi lilichoficha. Nimewahi kusimama katika ukumbi wa ibada, mazulia yamekunjwa, tukichimba kando ya nguzo ili tuuone msingi, na tukikata kipande cha zege chenye umbo la silinda kukipeleka maabara. Zege lilifaa. Msingi ulikuwa na kina kidogo kuliko alivyoapa fundi, na ilibidi uimarishwe waumini wakisali nje. Kibali cha mipango hakithibitishi uimara, kwa hiyo kibali hicho na ukaguzi wa uimara viombwe vyote viwili.

Viongozi wa mahekalu nao wana la kujizuia. Ibada ya prana pratishtha, ambayo kwayo mungu hualikwa kukaa ndani ya sanamu, ikishafanyika, chumba kile si chumba tena machoni pa waumini, na kuwaambia wakihamishe ni kuwatonesha kidonda. Kuifanya kabla ya kibali ni kumwekea ofisa wa mipango mtego, hata kama haikukusudiwa hivyo. Basi wasubiri muhuri kwanza, walete michoro ya kila kilichopo, hata kibanda cha kuwekea viatu, na majirani wapewe nakala pamoja na muda wa kutosha wa kutoa pingamizi kabla kikao hakijakaa.

Wako,
Mchora ramani za majengo